Mama Bustani anajibu: Nataka vyura warudi uani, mama mkwe anasema naleta mbu

*Shikamoo Mama Bustani. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ipuli hapa hapa Tabora mjini. Kiwanja chetu si kikubwa ila nyuma kuna sehemu imebaki kati ya mwembe na ukuta wa jirani, kama hatua saba kwa tano hivi. Zamani hapo chini yetu palikuwa na kibonde, masika ikianza vyura wanaimba usiku kucha, sasa watu wamejaza kifusi wamejenga na huu mwaka wa pili sijasikia chura hata mmoja. Nataka nichimbe kabwawa kadogo kwa ajili ya ndege na vyura tu, sio biashara ya samaki. Mume wangu hana shida ila mama mkwe amekataa katakata, anasema nitamletea mbu na nyoka kwenye mji wake. Naomba ukweli mama, na kama inawezekana nianzie wapi, na itanila maji kiasi gani maana ya bomba tunalipia.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hata huku Ng'ambo ninakokaa mimi ni hivo hivo, kila kibonde kina msingi wa nyumba sasa hivi, na chura hawezi kupanda daladala akatafute maji kwingine.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hajakosea. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ndio mkoa wa kwanza kwa malaria nchi nzima, asilimia 23 ya watoto chini ya miaka 5 waliopimwa walikuwa nayo, wakati kwa Tanzania yote ilikuwa asilimia 8. Kwa hiyo mtu akikwambia maji yaliyotuama uani hayana neno, huyo hajakaa wodini na mtoto. Mwambie mama umemsikia, na umwoneshe haya ninayoandika.

Maji yaliyotuama sio yote sawa. Mbu mkubwa wa malaria huku kwetu anapenda sana vidimbwi vidogo vidogo vyenye jua na visivyo na kiumbe kingine ndani, yaani alama ya kwato za ng'ombe, pale gurudumu la lori lilipozama, shimo la kufyatulia matofali. Anapapenda kwa sababu kule hakuna wa kumla mtoto wake. Kutoka yai mpaka mbu anaruka ni siku 7 mpaka 14, na dimbwi la wiki mbili halijapata wenyewe. Bwawa likikaa miezi linapata wenyewe: watoto wa kereng'ende ambao wanaishi chini ya maji kabla hawajaota mabawa na kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu, mende wa majini, na wale wadudu wanaoogelea chali. Hao ndio askari wako, wala huwanunui, wanakuja wenyewe.

Ila kuna mbu wa aina ya pili na huyo watu wengi hawamsemi, naye anabeba malaria vilevile, yeye anapenda maji ya kudumu yenye majani yaliyosimama pembeni. Ndo maana nasema ukingo wa bwawa usiwe kichaka. Mimea iwe upande mmoja, pande zingine ziwe wazi, wadudu wako waweze kufika kila kona.

Na kipindi kibaya kabisa ni wiki za mwanzo, maji mapya, askari bado. Hapo kila wiki chukua bakuli jeupe uchote maji pembeni mara kumi hivi, uangalie kwa utulivu. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria kinalala bapa juu ya maji kama kijiti, vya mbu wengine vinaning'inia kichwa chini. Cha chura ni cheusi kichwa kikubwa na mkia, huwezi kukosea. Ukiona vya mbu ni vingi kuna dawa ya bakteria inayotengenezwa kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, inaua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru vyura, muulize bwana afya wa kata yako namna ya kuipata na kipimo chake. Na ongea naye kabla hujachimba, asikie kwako asisikie kwa jirani. Usimwage oili chafu hata tone, najua ndio dawa ya wazee wetu na mbu kweli wanakufa, lakini na kereng'ende wanakufa, na nyuki, na chura ngozi yake inavuta kila kitu kilichomo kwenye maji. Ukishamwaga oili umeua askari wote, na mbu ndio wa kwanza kurudi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kama huna uhakika wa kuangalia kila wiki, kama nyumba inafungwa mwezi mzima mkienda kijijini, usichimbe. Weka sinia la maji chini ya mwembe ubadilishe kila siku, ndege watashukuru na hamna mbu atakayekua humo. Sisemi kwa kukutisha, ni watoto wako na wa jirani.

Nyoka. Wapo nyoka wanaokula vyura, siwezi kukudanganya. Lakini nyoka anakaa palipo na pa kujificha, rundo la matofali, kuni zilizokaa tangu mwaka juzi, majani marefu. Bwawa liwe mbali na mlango wa jikoni, pafagiliwe pande zote, mawe ya ukingoni yapangwe kwa kubanana bila mashimo makubwa, na usiku mtu asitembee huko bila tochi. Mimi bwawa langu lina miaka 9 na nyoka nimeona wawili, wote walikuwa wanapita.

Kinachonitisha mimi kuliko mbu na nyoka ni mtoto mdogo. Anayetambaa au aliyeanza kutembea anazama kwenye maji ya kina cha kiganja, na hapigi kelele. Mdogo wako kama hajafika miaka mitano jenga kwanza uzio wa fito au wavu wa waya, wenye kageti kanakofungwa kwa juu, ndipo ushike sururu. Usiseme nitamwangalia, hakuna mama anayeangalia saa zote.

Haya tuchimbe. Muda ndio huu, Septemba na Oktoba, ardhi kavu, mvua za Novemba zikute shimo liko tayari. Usichimbe chini ya mwembe kabisa, majani yake yanaoza majini yanafanya maji meusi na kunuka, na mizizi itakusumbua. Sogea mbali, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa nane. Kwa nafasi uliyonayo mita 3 kwa 2 inatosha sana. Katikati kina sentimita 60, isizidi, alafu upande mmoja uwe unapanda taratibu kama ufuko mpaka juu. Huo upande wa ufuko ndio moyo wa bwawa lote, ndege wanasimama hapo kuoga, vyura wanaingilia na kutokea hapo, na kifaranga au kalunguyeye akitumbukia usiku anatoka mwenyewe. La kwangu la kwanza, fundi alilijenga kama karo, kuta zimesimama wima, saruji safi inang'aa, na ndani ya wiki moja nilimkuta kalunguyeye amekufa maji anaelea, alizunguka usiku kucha akitafuta pa kupandia. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Tena ile saruji ilikuwa inatoa chokaa, viluwiluwi vya chura nilivyopelekewa na watoto wa mtaani havikumaliza siku tatu. Kama ni lazima utumie saruji basi jaza maji, acha wiki, mwaga, jaza tena, hivyo hivyo mara tatu nne kabla ya kiumbe chochote kuingia.

Lakini saruji ya nini. Udongo wetu Tabora sehemu nyingi ni kichanga, maji hayakai, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuzuia na njia ziko mbili. Ya kwanza ni ile karatasi nene nyeusi ya plastiki wanayotandika wafugaji samaki. Turubai la kawaida jua la hapa linalimaliza mapema sana, usipoteze hela. Kupima ukubwa: chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza tena sentimita 60 za kukunjia ukingoni, na upana fanya hivyo hivyo. Kwa hiyo lako ni mita 4.8 kwa 3.8. Toa mawe na vipande vya mizizi shimoni, mwaga mchanga laini, tandika viroba vya zamani au kapeti lililochakaa, ndipo karatasi juu yake. Ukingo wote uwe usawa mmoja, tumia mpira wa maji kama mafundi wanavyopima msingi, la sivyo upande mmoja karatasi itabaki inaonekana na jua litaikausha.

Njia ya pili ni ya bure, ila ni kazi. Udongo wa kichuguu. Wazee wetu wamekandika nyumba kwa udongo huo na unajua unavyoshika. Ponda, lowesha, tandika tabaka la vidole vinne, kanyaga kwa miguu mpaka lishikane, alafu lingine, alafu lingine, mpaka unene wa sentimita 20 hivi. Watoto wataipenda hii kazi kuliko shule. Ubaya wake likikauka hata mara moja linapasuka, kwa hiyo ukichagua kichuguu chimba mvua zikiwa zimekaribia na uwe tayari kuongezea maji kiangazi chote.

Maji sasa. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 na ufuko linabeba kama lita 1,800, yaani madumu 90 ya lita 20. Usishtuke. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60 likipigwa mvua moja nzuri ya milimita 30 ni lita 1,800 hizo hizo. Weka gata, mvua ya kwanza kabisa iache ipite maana inaosha vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege, ya pili elekeza shimoni. Hujalipa senti ya bomba. Kiangazi ndo utalipa kidogo, jua na upepo wa Agosti na Septemba vinakula sentimita 3 mpaka 5 kwa wiki, kwa bwawa lako kama madumu 9 mpaka 15. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye pipa wazi siku mbili kabla ya kumwaga. Maji ya kusuuzia nguo hapana, sabuni inadhuru. Na ikifika Septemba ukaona maji yameshuka nusu usihangaike sana, mabwawa ya porini nayo yanashuka, wadudu wamezoea.

Mimea usiweke mingi. Mayungiyungi, yale yenye ua la bluu ni ya kwetu kabisa, kichipukizi kimoja kwenye ndoo iliyotobolewa ukakizamisha, na fungu dogo la mafunjo upande wa nyuma, nalo liwe ndani ya ndoo, lisije likameza bwawa. Gugumaji usilete hata kama ua lake ni zuri, Ziwa Viktoria linalijua. Kila mmea uliotoka mtoni au bwawani uoshe mara tatu na uangalie chini ya majani kama kuna konokono, kuna konokono wanaobeba kichocho. Hicho kichocho kinamhitaji konokono na kinahitaji mkojo au kinyesi cha mtu kiingie majini, kwa hiyo sheria ya watoto ni moja, hakuna kuogelea na hakuna kukojoa humo.

Samaki usiweke. Najua watu watakwambia weka, watakula mbu, na kweli wanawala, ila wanakula na mayai ya chura, na viluwiluwi vyake, na watoto wa kereng'ende. Umesema unataka vyura. Chagua vyura. Na bata wasisogee, wanakoroga tope na kumaliza kila jani.

Baada ya hapo kaa usubiri. Usiende kuokota vyura mahali ukawahamisha, wanabeba magonjwa, tena watarudi walikotoka. Wa kwanza kufika ni kereng'ende wa njano wanaokuja na upepo wa mvua, hao hao wanaovuka Bahari ya Hindi, wakiona maji mapya wanagusagusa mkia majini wanataga. Alafu tetere na chiriku kuja kunywa, na mbayuwayu wanaotoka Ulaya wanakunywa wakiruka bila kutua. Vyura ni ile mvua ya kumbikumbi, wakati kumbikumbi wamejaa kwenye taa ya barazani na chini yake chura ameketi anakula. Mwaka wa kwanza inaweza isitokee. Mimi nilingoja masika mbili, na usiku walipoanza kuimba niliwaamsha watu wa nyumba nzima.

*Habari Mama Bustani. Niko Mwanga, Kigoma, nina bwawa dogo tayari kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Vijana hapa wanazamia wanaleta wale samaki wadogo wa rangi rangi wa kwenye mawe ya ziwa. Nikiwaweka bwawani watakaa? Na sato je?*

Kaka yangu, waache ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lina oksijeni ya kutosha huko juu kwenye mawe, na maji yake yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 9 hivi miaka yote. Bwawa lako mchana linachemka, usiku linapoa, oksijeni inapanda na kushuka, mvua ikinyesha pH inabadilika kwa saa moja. Hao samaki watakufa mmoja mmoja. Na wako zaidi ya aina 200 za jamii ya kuhe na perege humo ziwani, karibu zote hazipo mahali pengine duniani, sasa kumtoa samaki wa namna hiyo aje afie kwenye shimo la mita mbili sio haki.

Sato wa kufugwa ndio mbaya zaidi, na sio kwa ajili ya bwawa lako. Umesema uko kwenye mteremko. Mvua za Kigoma mnazijua wenyewe, bwawa likifurika maji yanateremka korongoni na korongo linaishia ziwani. Wageni wawili watatu wakifika huko huwezi kuwarudisha. Kata mfereji wa kufurikia uelekeze kwenye migomba, uweke mawe usichimbike, na bwawa liache kwa vyura. Ninyi mna bahati, Malagarasi na Muyovozi ziko mkoani kwenu na kwetu, ile ndio ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, mwaka 2000, ndege wanaoishi huko na wanaopita wana mabawa, watakuona.

*Mama mimi nafuga nyuki Sikonge, nimechimba bwawa ili nyuki wanywe karibu kiangazi lakini asubuhi nakuta wengi wamekufa wanaelea. Nifanyeje?*

Mwanangu, nyuki hajui kuogelea, anataka pa kusimama. Huo ufuko niliousema hapo juu ndio dawa, ujaze kokoto na vipande vya magome, maji yapite katikati ya kokoto tu. Kwenye kina weka vijiti au mabua yaelee. Kiangazi nyuki anabeba maji kwenda kupozea mzinga, sio kunywa tu, kwa hiyo safari zao ni nyingi, na ukiacha maji yakauke Oktoba watahamia kwenye bomba la jirani na hapo ndo ugomvi unaanza. Bwawa liwe mbali na njia ya watu na mifugo. Na kama jirani yako analima tumbaku muulize siku anazopulizia dawa, na bwawa lisiwe chini ya shamba lake maji yanakoelekea. Hili usilichukulie kirahisi, dawa ikiingia hapo unapoteza nyuki na vyura siku moja.

*Shikamoo. Nipo Urambo. Juu ya kidimbwi changu kwenye tawi kumetokea povu jeupe limening'inia kama sabuni, kubwa kama ngumi mbili. Jirani anasema nimerogwa nilikate nilichome. Ni nini hiki?*

Marahaba mjukuu wangu, usichome! Hiyo ni nyumba ya mayai ya chura. Kuna chura wa mitini hutagia juu ya tawi lililoinamia maji, anapiga ute wake kwa miguu mpaka unakuwa povu, mara nyingi madume kadhaa wanamsaidia, alafu nje linakauka na kuwa gumu, ndani linabaki bichi, mayai yanakua humo bila samaki wala mdudu wa majini kuyafikia. Baada ya siku nne tano chini ya povu panalainika na viluwiluwi vinadondoka majini kimoja kimoja kama matone. Mwite huyo jirani, mje jioni na tochi mkae mkiangalia pamoja. Hakikisha tu maji chini ya tawi hayajakauka, ongeza ndoo moja mbili leo hii, na hilo tawi lisiguswe na mtu.